Heri Aitwe Mwizi

Wizi. Hilo ndilo neno ambalo Hironimus, katekista wa kigango, mtu wa kuwafundisha watoto amri kumi za Mungu, alilileta nyumbani kwa mdogo wake Remmy, mtaa wa Mshangano, asubuhi ile ya baridi. Alikataa uji, akakataa na kiti. Alisimama katikati ya sebule isiyo na dari, koti mwilini, akasema jambo hili amelifikiria mpaka kichwa kimemuuma na njia aliyoiona ni moja tu. Watu wakiuliza kwa nini Koplo Remmy amerudishwa nyumbani na nguvu zake zote, wajibiwe kwamba amefukuzwa jeshini kwa wizi.

Kunegunda, mke wa Remmy, alikuwa mkekani anapukuchua mahindi. Vidole vilimkwama kwenye gunzi. Alimtazama shemeji yake kuona kama anatania, lakini Hironimus hakuwa mtu wa utani, na asubuhi ile ndiyo kabisa.

"Shemeji, kaiba nini?" aliuliza.

"Dizeli. Mtu akisikia dizeli haulizi mara mbili."

Ukweli ulikuwa mwingine, na wote watatu mle ndani, Remmy mwenyewe akiwemo, waliujua. Remmy alikuwa na kifafa. Kilimwanza miaka mitatu nyuma, baada ya lori la kikosi kupinduka njia ya Tunduru na yeye kugonga kichwa, ingawa madaktari wenyewe hawakutaka kuapa kwamba chanzo ni hicho. Walimpa vidonge, vilisaidia, havikumaliza. Mwishowe bodi ya madaktari ikaona kwamba mtu anayeanguka hawezi kushika silaha, ikamwondoa jeshini kwa sababu za kiafya, kwa heshima zote na kiinua mgongo chake. Hapo hakuna aibu yoyote. Lakini nenda kawaeleze watu hivyo uone.

Na shida haikuwa watu tu, shida ilikuwa Jumamosi. Jumamosi hiyo wageni wangetoka Bombambili kuja kumposa Leticia, binti pekee wa nyumba ile, fundi cherehani mwenye mikono mizuri, ambaye moyo wake wote ulikuwa kwa Saimon, mwalimu wa shule ya msingi. Posa hapa kwetu si kula wali na kupiga picha. Wakubwa wa upande wa mume wanauliza ukoo. Kuna ukoma? Kuna wendawazimu? Kuna anayeanguka? Wakisikia kuna anayeanguka, wanashukuru kwa soda, wanaaga vizuri, na hawarudi.

Kunegunda alijaribu kusema habari za lori, kwamba ugonjwa wenyewe huenda hata haumo kwenye damu. Hironimus alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kama hayo maelezo ya madaktari ataweza kumpa Ida, shangazi wa Saimon, mwanamke ambaye mji mzima unamjua kwa kuchokonoa. Kunegunda akaliinamia gunzi lake.

"Mwizi anazaa mtoto mzuri tu," Hironimus alisema. "Mwizi anaweza kumzaa hata mtawa. Kifafa, watu watasema kinamngoja mjukuu."

Remmy muda wote huo alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo wima, viganja juu ya magoti. Jeshini alikuwa mtunza ghala la silaha. Funguo alilala nazo, alikula nazo, na katika utumishi wake wote haikupotea hata risasi moja. Makamanda walibadilika, Remmy alibaki na funguo zake. Ungemwambia yeyote kikosini kwamba Koplo Remmy kaiba, angekucheka.

"Leticia anajua nini?" aliuliza.

"Anajua una malaria inayorudi rudi. Abaki hapo hapo."

Remmy aliwatazama wote wawili, kaka na mke. "Basi semeni niliiba," alisema, akainuka kwenda kuangalia mbuzi.

Kunegunda alibaki na gunzi lake mkononi. Iliuma, tena sana, lakini alikuwa mama, na yeye ndiye aliyeijenga malaria ile kwa mikono yake. Kila Remmy alipoanza kukakamaa, aghalabu alfajiri, Kunegunda alifunga mlango wa chumba, akafungulia redio kwa sauti ya juu, ndipo akarudi kumlaza ubavu na kumfuta mate. Mtu akipita nje asikie taarifa ya habari. Na kila alipozinduka, Remmy aliuliza swali lile lile, macho yakiwa bado hayajakaa: "Nimechelewa gwaride?" Naye alimjibu jibu lile lile, polepole, mpaka atulie: "Bado. Hata tarumbeta halijalia."

&nbsp;

Uongo hauna subira. Hironimus aliona hekima kuutanguliza, ili wageni wakifika waukute umeshazoeleka. Alimnong'oneza mtu mmoja baada ya misa ya asubuhi, akamwomba asimwambie mtu, na mpaka jua linatoka vizuri Mshangano yote ilikuwa na habari hiyo.

Jirani wa mkono wa kulia, ambaye majembe yake yalilala kwenye baraza la Kunegunda tangu mavuno yaanze, alikuja kuyachukua. Alisema anataka kuyatia mipini, yote, siku moja. Dukani muuzaji alimpimia Remmy sukari huku jicho likiwa kwenye mikono yake. Watoto wa njia ya kisima walimwona wakaanza kunong'ona "dizeli, dizeli," kisha wakakimbia. Remmy alirudi na sukari yake, akaiweka mezani.

Lililomwingia Kunegunda kuliko yote ni la jumuiya ya kanisani. Mwezi uliopita tu, wanajumuiya walimpa Remmy ufunguo wa stoo ya mahindi ya yatima, maana nani wa kuaminiwa kama si mtu wa ghala. Sasa mwenyekiti alikuja na baiskeli, akasalimia mno, akasifia mbuzi, akasifia hata bati. Mwisho akasema wanafikiria ule ufunguo ukae kwake kwa muda. Remmy aliingia ndani, akautoa mahali pake kwenye msumari, akaufuta kwa pindo la shati kama alivyozoea, akamkabidhi. Tena akamwomba mwenyekiti wakahesabu magunia pamoja, ajiridhishe. Mwenyekiti akaona haya, akasema hapana ndugu, hakuna haja. Wakaenda hivyo hivyo, kwa sababu Remmy hakujua namna nyingine ya kukabidhi ghala.

Kunegunda aliwatazama wakipotea kwenye kona, akajiambia bado kidogo, Jumamosi ikipita watu watasahau. Hakujiamini. Akafagia uwanja ambao alikuwa ameshaufagia.

Ijumaa Hironimus alikuja na mkewe Oliva kuandaa, na Hironimus akamchukua mdogo wake uani kumfundisha kukaa kiwizi. Jamani, kuna mambo ukiyaona unatamani usingeyaona. Katekista alikuwa anamwinamisha mtu mzima mabega. Alimwambia asimtazame mgeni usoni, asijibu upesi upesi, alegee. Remmy alijaribu. Aliinama, na baada ya muda mgongo ukajinyoosha wenyewe, maana ndivyo ulivyokunjuliwa tangu akiwa kijana wa miaka ishirini. Hironimus akamsukuma tena bega. "Umekaa kama unakagua watu," alimlaumu.

Alimkataza pia kusinzia. Vidonge vile vilimfanya Remmy awe mzito na macho yamlegee, na Hironimus alisema mwizi sawa, lakini mwizi mlevi, hapana, wageni watakimbia. Kunegunda alikuwa jikoni anachambua mchele, akasikia, akadhani ni maneno tu ya mtu mwenye wasiwasi.

&nbsp;

Wageni walifika na bajaji mbili. Aliyeongoza ni Mzee Leo, baba mkubwa wa Saimon, mtaratibu, kofia mkononi. Nyuma yake Shangazi Ida, kitenge kipya, macho yameshaingia ndani kabla ya miguu. Leticia alikuwa chumbani na shoga zake akisubiri kuitwa. Shikamoo zilipita, marahaba zikajibiwa, habari za baridi na bei ya mbolea zikazungumzwa mpaka zikaisha. Saimon hakuja, kama ilivyo desturi, lakini kila mtu alijua yuko mahali karibu na simu yake mkononi.

Walipofika kwenye ukoo, Hironimus alisema vizuri sana, kwa sauti ya mimbarini. Ukoo wetu ni safi, hatuna ukoma, hatuna kichaa. Kimoja tutawaambia wenyewe msije mkakisikia njiani: huyu mdogo wetu ameteleza kazini, mafuta ya serikali, na ameshaungama. Remmy aliinamisha kichwa kama alivyofundishwa. Kunegunda alitazama ukuta.

Mzee Leo alisema binadamu ni kuteleza. Alisema, kwa adabu kabisa, kwamba upande wao hawana kinyongo, ila wanaomba jambo dogo: mahari itakapoletwa apokee Hironimus, na huyu ndugu asiwepo kwenye chumba hicho, si kwa ubaya, kuondoa maneno tu. Hironimus akaafiki haraka. Remmy naye alisema, "Sawa, mzee." Baba wa binti alikuwa amekubali kutolewa kwenye mahari ya mwanawe wa pekee, na alikubali kwa sauti ya kawaida, ndiyo maana ilimchoma Kunegunda zaidi.

Ikawa ni kunywa sasa. Oliva alileta togwa kwenye sinia, bilauri nzuri zenye maua alizoazima kwa masista. Akamwekea Mzee Leo, akamwekea Ida, akamwekea mumewe na Kunegunda. Halafu, bila kufikiri, kwa mazoea ya mikono tu, akamwekea Remmy kikombe cha plastiki chekundu. Nyumbani kwa Hironimus kikombe kile kilikuwa cha Remmy peke yake. Kilioshwa mbali na vingine, na watoto walikatazwa kukigusa, maana watu wetu wengi bado wanaamini mate ya mtu anayeanguka yanaambukiza. Oliva alikuwa amekibeba kutoka kwake kwenye kapu, pamoja na sahani za kuazima.

Ida alikitazama kikombe. Alitazama bilauri yake. Akatazama tena kikombe.

"Mwizi naye ananywea chake?" aliuliza, akicheka kidogo.

Oliva alisema bilauri zimepungua. Kwenye sinia ilikuwepo bilauri moja tupu, imesimama pale pale mbele ya watu wote.

&nbsp;

Kabla Ida hajaendelea, lori la jeshi likapiga honi nje. Remmy aliinuka wima, mabega na yote, wizi wote ukamtoka. Walikuwa wenzake wa kikosini wamemletea vyombo vyake vilivyobaki kotazi, kwenye nyumba za jeshi: kitanda, kabati, sanduku la bati. Hakuna aliyewaambia wasije Jumamosi. Sajini Muhsini, mtu wa Tunduru, mfupi, mwenye ndevu zilizoanza mvi, aliruka chini na kiroba cha korosho begani. Alipomwona Remmy mlangoni alikitua kiroba chini, akasimama sawasawa, akampigia saluti. Sajini kumpigia koplo saluti, tena koplo ambaye si mwanajeshi tena. Vijana waliokuwa juu ya lori nao wakaacha kufungua kamba, wakasimama.

"Ghala limepata mtu mpya," Muhsini alisema, "lakini wallahi watu wanakuulizia wewe."

Wageni walikuwa wameshatoka barazani kuona. Ida hakuhitaji zaidi. Alimsalimu sajini kwa heshima, kisha akamuuliza mbele ya watu wote: huyu ndugu yetu tumeambiwa amefukuzwa kwa kuiba mafuta, je, mwizi kwenu ndivyo anavyosindikizwa?

Muhsini aligeuka taratibu. "Nani kaiba?"

Remmy alishuka ngazi ya baraza, akamkaribia, akasema kwa sauti ya chini lakini Kunegunda aliisikia, "Afande, waambie niliiba. Nakuomba. Ni kwa ajili ya mtoto."

Sajini alimtazama muda mrefu. Watu hawa wawili walikuwa pamoja kwenye lori lile lililopinduka. Halafu akawageukia wageni, na mtu yule anayeswali swala tano na kuchukia uongo tangu utotoni akafungua mdomo ili auseme.

"Usiseme, kaka," Kunegunda alimkatiza. "Usijitie dhambi ya bure."

Hironimus alimwita jina lake kwa ukali. Kunegunda hakugeuka. Alikuwa na hofu kuliko siku yoyote ya maisha yake, kwa sababu alijua Leticia yuko nyuma ya dirisha na anasikia.

"Mume wangu hajaiba hata msumari," alisema. "Anaanguka. Ana kifafa. Jeshi limemtoa kwa ugonjwa, na limemtoa vizuri, kama mnavyoona. Sisi ndio tuliomwita mwizi. Mimi nilikubali. Niliona heri aitwe mwizi kuliko mtoto akose mume. Sasa nimechoka. Mkitaka kuondoka, ondokeni mkiwa mmeambiwa ukweli."

Mzee Leo alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Alisema wameshukuru kwa mapokezi, wamesikia, watakwenda kukaa na wenzao, watajibu. Hayo ndiyo maneno yenyewe, kila mtu anayajua. Ida alijifuta mkono wa kulia kwenye kitenge, mkono aliompa Remmy wakati wa kusalimiana, akatangulia njia kuelekea kwenye bajaji.

"Umemmaliza mtoto," Hironimus alimwambia Kunegunda. "Jua hivyo. Umemmaliza."

Remmy hakumgombeza. Alikuwa amepauka, jasho jembamba limemtoka kwenye paji la uso na baridi yote ile. "Nilikuwa nimeshakubali, mama Leti," alisema. "Nilikuwa nimeshaweza." Akaenda kwenye lori kusaidia kushusha kitanda, kwa kuwa hakuna kingine cha kufanya.

Alishika mchago wa kitanda, na hapo hapo mkono ukaganda. Kunegunda aliijua ile namna ya kichwa kugeuka upande. Aliyaona pia macho yale, hayana ule uzito wa vidonge, akaelewa, amechelewa kuelewa, kwamba Remmy hakumeza vidonge tangu jana ili asiwasinzilie wageni. Kitanda kilianguka, naye akaanguka pembeni yake, chini, mchana kweupe, mbele ya uwanja mzima.

Oliva aliwavuta watoto nyuma akiwaziba pua kwa kanga. Majirani walisimama kwenye ua wasimsogelee. Kule njiani Mzee Leo na Ida walisimama pia, mguu mmoja kwenye bajaji. Na Kunegunda, mke wake, mtu pekee aliyejua la kufanya, alikimbilia ndani.

Alikimbilia redio. Mkono ulikuwa umeshashika kitufe cha sauti ndipo akajiona. Alijiona amesimama sebuleni anataka kuwawekea taarifa ya habari watu ambao wanaona kwa macho yao. Alilia, pale pale, kilio kifupi cha hasira, akaiacha redio ilivyo, akatoka.

Alipofika nje alikuta nafasi yake imechukuliwa. Sajini Muhsini alikuwa amepiga goti anawazuia watu wasikaribie, amemlegeza Remmy kola. Na upande wa kichwa, kwenye vumbi, na gauni lake la posa alilolishona mwenyewe mwezi mzima, alikuwa amekaa Leticia. Alikuwa amemlaza baba yake ubavu kama inavyotakiwa, goti limezuia mgongo, kiganja chini ya shavu, na kwa ncha ya lile gauni anamfuta mate. Alikuwa hatetemeki wala halii. Alikuwa anangoja tu ipite.

Kunegunda alitaka kumuuliza nani alimwonyesha. Simu ya Leticia ilikuwa inaita kule chumbani, ikakata, ikaita tena, na shoga zake wakatoka nayo mpaka barazani wakisema ni Saimon, ni Saimon. Leticia hakuinua kichwa.

Mwili wa Remmy ulilegea polepole. Pumzi ikarudi kwa kukoroma, kisha ikawa ya kawaida. Macho yakafunguka, yakazunguka juu ya sura za watu bila kumjua hata mmoja, na midomo ikaanza kutafuta neno. Kunegunda alipiga magoti upesi, akafungua kinywa kujibu, lakini kilio kikamtangulia.

"Nimechelewa gwaride?" Remmy aliuliza.

"Bado, baba," Leticia alimjibu, polepole, akimpangusa vumbi kwenye nyusi. "Hata tarumbeta halijalia."